PIKIPIKI KATIKA KAZI YA USHIRIKA WA NYANDA ZA JUU KUSINI
Habari za Kabureta na Oili, Tangu Zamani Hadi Leo

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, msomaji atakuta habari za mazao, mizani, maghala na hesabu. Hayo yote yastahili kuandikwa. Lakini iko kazi moja isiyoonekana katika hesabu za mwaka, nayo ndiyo iliyounganisha mambo hayo yote, yaani kazi ya kumfikia mkulima. Mkulima wa Rungwe yuko mlimani na kahawa yake. Mkulima wa Usangu yuko bondeni na mpunga wake. Ofisi iko mjini. Bei, mbegu, fedha na habari za mkutano hazina budi kumfikia mtu pale alipo, na kwa muda mrefu aliyezifikisha alikuja juu ya pikipiki.

Twaomba basi kueleza kwa ufupi historia ya chombo hicho katika nchi yetu, na hasa mambo mawili madogo ambayo mara nyingi ndiyo yaliyoamua kama kitaishi au kitakufa: kabureta yake, na kipimo cha oili yake.

NCHI YETU NA NJIA ZAKE

Nchi yetu ni ya kupanda na kushuka. Mji wa Mbeya umekaa katika kimo cha meta 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Njombe yakaribia meta 2,000. Na bonde la Usangu liko chini, kadiri ya meta 1,000 na kidogo. Mtu atokaye pwani kwenda Iringa hana budi kuupanda mlima Kitonga. Zamani reli haikufika huku. Abiria na mizigo walishuka katika garimoshi huko Dodoma, kisha wakachukuliwa na malori na mabasi ya idara ya reli kupitia Iringa hadi Mbeya, katika njia ya udongo iliyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika.

Wazee wengi wakumbuka mwaka 1965. Tarehe 11 Novemba mwaka huo walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na baada ya muda mfupi Zambia ikakatiwa mafuta yaliyokuwa yakipita kusini. Ndipo malori yalipoanza kupita kwetu usiku na mchana, yakipeleka mapipa ya petroli Zambia na kurudi na shaba hadi Dar es Salaam. Madereva wengi walipoteza maisha, hata Waingereza wakaiita barabara hiyo njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la kwenda Ndola lilifunguliwa mwaka 1968. Barabara ya lami ilikamilika katika miaka ya mwanzo ya 1970. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilikabidhiwa mwaka 1976.

Hata hivyo lami na reli zilipita mahali pamoja tu. Kutoka barabara kuu kwenda kijijini njia ilibaki ya udongo, na huko ndiko pikipiki ilikoendelea kuhitajiwa.

MASHINE ZA KWANZA

Pikipiki ziliingia Tanganyika mapema. Katika vita vya 1914 hadi 1918, jeshi la Waingereza lilikuwa na kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini kilichopigana nchini humu mwaka 1916. Baada ya vita hivyo mashine za Kiingereza zilionekana kwa maofisa wa serikali, wamisheni na walowezi. Moja iliyojulikana sana duniani ni BSA M20, iliyoanza kuuzwa mwaka 1937. Katika Vita Vikuu vya Pili zilitengenezwa zaidi ya laki moja kwa ajili ya majeshi, na vita vilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa raia. Mwaka 1948 ikatoka nyingine ndogo, BSA Bantam, nyepesi na rahisi kwa bei.

Wakati huo ushirika nao ulikuwa ukikua. Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa Kilimanjaro wakaunda KNCU. Mnamo miaka ya 1950 wakulima wa Rungwe nao walikuwa na chama chao kikuu. Baada ya Uhuru wa 1961 vyama viliongezeka upesi, na Chuo cha Ushirika cha Moshi kilifunguliwa mwaka 1963 ili kufundisha makatibu na watunza hesabu. Katibu alifundishwa kuandika daftari. Lakini kama alipewa pikipiki, ilimbidi pia ajifunze jambo ambalo halikuwa katika daftari lake, yaani kuisikiliza injini.

KABURETA NA HEWA YA MLIMANI

Kabureta ni chombo kidogo chenye kazi ya kuchanganya petroli na hewa kabla hazijaingia ndani ya injini. Ndani yake mna kibakuli cha petroli, na ndani ya kibakuli mna boya. Petroli ikijaa, boya hupanda na kuifunga njia kwa sindano. Ikipungua, boya hushuka na njia hufunguka. Kutoka katika kibakuli hicho petroli hufyonzwa kupitia kitundu chembamba kiitwacho jeti. Pikipiki nyingi za Kiingereza zilikuwa na kabureta za Amal, kampuni iliyoundwa mwaka 1927 kwa kuunganisha makampuni matatu.

Basi jeti hiyo ilichaguliwa kwa hewa ya Uingereza, ambako nchi nyingi iko chini. Hewa ya mjini Mbeya ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya asilimia 15, na ya Njombe ni nyepesi zaidi. Mashine ikiletwa mlimani kama ilivyotoka kiwandani, petroli huwa nyingi kuliko hewa. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi iliyojaa masizi, nguvu kupungua katika kupanda, na tangi kukauka kabla ya safari kwisha. Wengi waliilaumu injini, au wakamdhania katibu kuwa anauza petroli ya chama, kumbe kosa lilikuwa la kitundu kile. Dawa yake ni kutia jeti ndogo zaidi, au kuishusha kwa pingili moja sindano ile nyingine ndefu ipandayo na kushuka mpanda pikipiki anapoongeza mwendo.

Lakini hapa pana mtego. Mtu aliyeirekebisha pikipiki yake kwa hewa ya Uporoto, kisha akashuka nayo hadi Igurusi na Rujewa, akuta hewa nzito na petroli imekuwa haba. Injini hupata moto kupita kiasi, plagi huwa nyeupe kama jivu, na pistoni yaweza kuyeyuka. Kwa sababu hiyo, mtu ambaye kazi yake ni ya juu na chini pia, afadhali achague jeti ifaayo bondeni, akavumilia moshi kidogo mlimani. Hasara ya petroli kidogo hulipika, lakini pistoni iliyoyeyuka ni gharama ya msimu mzima.

Jambo la pili ni uchafu. Petroli ya zamani ilikuja kwa mapipa ya lita 200, ikakaa miezi ghalani, na ndani ya pipa maji na kutu vikatulia chini. Aliyeharakisha kumimina alimimina na maji. Mafundi waangalifu walichuja petroli kwa kitambaa safi au ngozi laini, na hawakuligusa lile la chini kabisa. Kibakuli cha kabureta kilifunguliwa kila baada ya majuma machache, kikapanguswa. Jeti iliyoziba ilisafishwa kwa kupulizwa kwa pampu, wala si kwa kuchokolewa na waya, kwani waya hukitanua kitundu, na kikishatanuka hakirudi tena.

Tukumbuke pia chujio la hewa. Kahawa yetu hukusanywa kiangazi, nacho ndicho kipindi cha vumbi. Hivyo mashine hupata kazi nyingi kuliko wakati wote katika miezi ile ile ambayo hewa ni chafu kuliko wakati wote.

OILI NA NAMNA YA KUIPIMA

Kuhusu oili, wengi hudhani kwamba kuipima ni kuchungulia tu. La hasha. Kila mashine ina namna yake, na asiyeijua hudanganyika.

Katika BSA M20, oili haikai ndani ya injini bali katika tangi la pembeni. Pampu huipeleka ndani na kuirudisha. Pikipiki ikisimama majuma kadhaa, oili huvuja polepole kutoka tangini hadi chini ya injini. Mtu ajaye kuchungulia huona tangi limepungua, akaongeza. Akiiwasha, ile iliyokuwa chini hurudishwa tangini, nayo hufurika na kumwagika. Njia iliyo sawa ni kuiwasha kwanza, kuiacha itembee dakika chache, kuhakikisha kwa macho kwamba oili inarudi tangini, ndipo kupima.

Bantam ilikuwa na desturi nyingine. Oili yake ilichanganywa na petroli, kadiri ya sehemu moja kwa 20. Aliyesahau kuchanganya, akatia petroli tupu, hakwenda mbali kabla pistoni haijashika.

Kisha zikaja mashine za Kijapani. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Honda ilitoa pikipiki iitwayo CG125. Wahandisi wake walikuwa wamechunguza jinsi pikipiki zinavyotumiwa katika nchi zisizo tajiri, wakaona kwamba hubebeshwa mizigo mizito na kwamba oili mara nyingi haibadilishwi. Basi wakaunda injini ya namna rahisi, yenye kustahimili utunzaji hafifu. Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria na mizigo katika vijiji vyetu leo zimetokana na mfano huo. Ni mashine njema. Lakini oili yake yote ni kadiri ya lita moja tu, na lita hiyo moja huhudumia injini, gia na klachi pamoja. Ipimwe pikipiki ikiwa imesimama wima mahali pa sawa, baada ya kuwashwa na kuzimwa dakika chache. Kijiti kipanguswe, kiingizwe bila kukazwa, kisha kisomwe. Ikisomwa imelala upande juu ya stendi yake, kijiti husema uongo.

MIAKA YA TAABU, NA FUNZO LAKE

Mwezi Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao na mashirika ya umma. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, lakini vilirudi wakati wa dhiki: petroli haba, vipuri haba, fedha za kigeni haba. Katika miaka hiyo pikipiki iliyotunzwa iliendelea kufanya kazi, na iliyopuuzwa ililala chini ya mti hadi ikaota majani. Haikuwezekana kununua nyingine.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kushuhudia habari ya chama kimoja cha msingi, ambacho hatakitaja. Wanachama walikatwa kidogo kidogo katika malipo ya mazao yao, wakanunua pikipiki. Waliitumia watu watatu: mwenyekiti, katibu na mpima mizani. Kila mmoja alitia petroli alipoona imekwisha, kwa sababu petroli ikikwisha pikipiki husimama papo hapo. Oili hakuna aliyeitazama, kwa sababu kila mmoja aliamini mwenzake ameitazama. Katikati ya msimu, katibu akirudi na orodha ya malipo, injini ilikamata mlimani na haikuzunguka tena. Malipo yalichelewa, na wenye haraka waliuza kahawa yao kwa walanguzi kwa bei ya kutupa. Mkutano uliitishwa, maneno yakawa makali, lakini hapakuwa na aliyeweza kuhukumiwa, kwa kuwa hapakuwa na daftari la kuonyesha nani alipima lini. Fedha za wakulima zilipotea hivyo, wala hakuna aliyeziiba.

Ndugu Wanachama, ushirika wetu wajua vema dawa ya ugonjwa huo. Hatumwachii mtu yeyote fedha bila stakabadhi, wala mizani bila kukaguliwa. Kwa nini basi tumwachie pikipiki bila daftari? Mwandishi apendekeza kwamba kila AMCOS yenye pikipiki iweke daftari dogo. Kila Jumatatu mtu mmoja aliyeteuliwa kwa jina apime oili, atazame chujio la hewa na plagi, aandike tarehe na alichokiona, kisha atie sahihi. Oili inapobadilishwa, iandikwe pamoja na idadi ya kilometa. Na kamati inapokagua vitabu vya fedha, ikague na kitabu hicho.

Kazi hiyo haizidi robo saa kwa juma. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika miaka kumi iliyopita tumejifunza kuzitunza hesabu zetu. Katika kumi ijayo tuvitunze na vyombo vituchukuavyo hadi kwa mkulima, ili siku ya malipo ikifika, malipo nayo yafike.