Mbaazi ya Nangara haina hataza

Mahindi yakishavunwa Nangara, Babati, mbaazi hubaki peke yake shambani. Hukatwa ikishakauka, ikatandazwa kwenye turubai, ikapigwa fimbo na kupepetwa. Kabla gunia halijashonwa, mama mwenye shamba huketi na ungo akachambua. Punje nene, nyeupe, isiyotobolewa na wadudu, anaitenga. Ataichanganya na majivu na kuifunga kwenye dumu. Hiyo ndiyo mbegu ya mwakani.

Uchambuzi wa namna hiyo, msimu baada ya msimu, ndio ulioiletea Babati mbaazi kubwa nyeupe inayojulikana sokoni kama Babati White. Je, mtu anaweza kuikatia hataza? Hawezi.

Enzi ya mkoloni, sheria ya 1931 iliwezesha kusajiliwa Tanganyika hataza zilizokwisha kutolewa Uingereza. Bunge letu lilitunga sheria yetu 1987, na ikaanza kutumika 1994. Kifungu cha 7 kinataja yasiyohesabiwa kuwa uvumbuzi. Aliyegundua kitu kilichokuwepo tayari hapati hataza, wala mwenye nadharia ya hisabati, wala aliyebuni kanuni mpya za bao au za kuendesha biashara. Njia ya kumpasua au kumtibu mgonjwa nayo imeachwa nje, ingawa dawa yenyewe inaweza kuombewa hataza. Kisha zinatajwa aina za mimea na wanyama, pamoja na njia za kibayolojia za kuzizalisha.

Si kila nchi iliona hivyo. Marekani iliruhusu hataza za mimea inayopandwa kwa vipandikizi, kama mawaridi, tangu 1930. Na mkataba wa biashara ya dunia wa 1994 uliruhusu mimea iachwe nje ya hataza, lakini ukataka aina mpya za mimea zilindwe kwa njia nyingine. Ndipo Tanzania ikatunga Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu za Mimea 2002, ikaiandika upya 2012, na mwaka 2015 ikajiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea. Julai mwaka huohuo nchi za ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la haki miliki, zilipitisha itifaki yao ya mbegu Arusha, safari ya saa chache tu kutoka Babati.

Haki ya mgunduzi wa mbegu hutolewa kwa mbegu iliyo mpya, inayotofautika na nyingine, inayofanana punje kwa punje na isiyobadilika. Mbaazi ya mama yule haifikii vigezo hivyo: imeuzwa miaka mingi, na ndani yake mna mchanganyiko. Kwangu hiyo ni nusu ya haki. Sheria ya hataza inamzuia mgeni asiimiliki mbegu hiyo, lakini hakuna daftari linalowatambua waliofanya kazi ya kuichagua.

Tofauti inaonekana mvua zinapokaribia. Mbegu iliyosajiliwa haiuzwi kwa jirani bila ruhusa ya mwenye haki. Ile ya kwenye dumu, jirani akija na sado yake, hupimiwa akaenda kupanda.