Baragumu la Jeshi: Kutoka Kazi ya Kambi hadi Maombolezo

Waswahili husema, "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo," na methali hiyo yaeleza vema kazi ya asili ya baragumu la jeshi. Chombo hiki cha shaba hakina vali. Sauti zake hutokana na midomo na pumzi ya mpigaji tu, na milio mingi ya kijeshi imetungwa kwa noti tano. Uchache huo ulikuwa na faida, kwani askari aliye mbali aliweza kutambua mara moja kama aitwa kuamka, kula au kulala.

Katika jeshi la Uingereza, mlio uitwao Last Post ulitangaza kwamba kituo cha mwisho cha walinzi kimekwisha kukaguliwa. Haukuwa na huzuni yo yote. Huko Marekani, mwezi wa Julai 1862, Jenerali Daniel Butterfield alirekebisha mlio wa jioni wa zamani, akiwa kambini Harrison's Landing, Virginia; ndio uitwao Taps, wenye noti 24. Yasimuliwa kwamba mwaka huo huo Kapteni John Tidball alikuwa akimzika askari wake karibu na adui. Akichelea kwamba mizinga ya bunduki za heshima ingedhaniwa kuwa mwanzo wa mapigano, aliamuru Taps upigwe badala yake. Hivyo usingizi wa kambi ukawa mfano wa usingizi wa mauti.

Mjini Ypres, Ubelgiji, Last Post ulianza kupigwa kila jioni mwaka 1928 katika lango la Menin, ukakatizwa na utawala wa Wajerumani, 1940 hadi 1944. Lango hilo lina majina zaidi ya 54,000 ya askari wasio na makaburi yajulikanayo.

Heshima hiyo ya jina haikugawanywa sawa. Taarifa ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, mwaka 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au labda hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina maneno ya Kiswahili, lakini haina orodha ya majina. Wachukuzi wa mizigo wamebakiwa na neno moja la wote, Kariakoo, yaani Carrier Corps katika matamshi ya Kiswahili. Mbiu hutangaza kwamba lipo jambo; jambo hilo ni la nani, hujulikana kwa maandishi.