Bafa ya barua na herufi mbili za Kikamba

Leo tuache mambo ya seva, tuangalie historia ya kitu kidogo: bafa ya kutungia barua pepe ndani ya Emacs. Sisi wa Kitui na Makueni tumekuwa na ugomvi wetu nayo, na ugomvi wenyewe ni wa herufi mbili tu, ĩ na ũ. Kikamba kina irabu saba. Ondoa kile kiwimbi cha juu, zinabaki tano na msomaji anaanza kubahatisha. Hata jina la Kitui, kwa Kikamba huandikwa Kĩtui.

Zamani Emacs ilikupa bafa moja ya barua, *mail*. Ukibonyeza C-x m kabla hujatuma ya kwanza, inakuuliza kama ifute uliyoanza. Mwaka 1996 Lars Magne Ingebrigtsen wa Norway, aliyekuwa ameiandika upya Gnus, alileta Message: kila barua na bafa yake, na rasimu inahifadhiwa kwenye faili. Kwa mtu wa Mwingi au Wote anayetegemea modemu na stima ya kupotea-potea, hilo si jambo dogo. Unaandika barua tano jioni, unaziweka kando kwa C-c C-d, unatuma laini ikirudi.

Herufi zilichelewa. Emacs 20 ya mwaka 1997 ilikuja na MULE, uwezo wa kuandika lugha nyingi. Lakini Latin-1, iliyozoeleka kila mahali, haina ĩ wala ũ. Zimo kwenye Latin-4, iliyotungwa kwa ajili ya Estonia, Latvia, Lithuania, Greenland na Wasami! Basi unawasha latin-4-postfix, unaandika u kisha ~, unapata ũ, na barua ya nyanya wa Mutomo inaondoka na kibandiko cha iso-8859-4 kama imeandikwa Riga. Ikifika kwa programu isiyojali kibandiko, ĩ inageuka µ na ũ inageuka ý. Kĩtui inakuwa Kµtui. Mũtua anakuwa Mýtua.

Na je, ukimtaja Mũtua na François kwenye barua moja? Latin-4 haina ç. Hapo Message ilikueleza kwamba barua itabidi igawanywe vipande kulingana na aina za herufi, kisha ikauliza kama kweli unataka kutuma. Wengi waliliona swali lile kero. Mimi naliona ni boresho kubwa kuliko yote, kwa sababu linakuja bafa ikiwa bado mbele yako. Programu nyingine ziliweka alama ya kuuliza mahali pa herufi na kutuma kimyakimya, na jina la mtu likaharibika bila mwandishi kujua.

Julai 2009 Emacs 23 ilihamia Unicode ndani kwa ndani, mwezi uleule ambao kebo ya SEACOM ilianza kazi Mombasa (sadfa tu, lakini naipenda). Mwaka uliofuata, toleo la 23.2 liliifanya Message kuwa chaguo la kawaida la C-x m.

Kama bado una barua za zamani zenye Kµtui, zifungue ndani ya Gnus, bonyeza C-u 0 g, andika iso-8859-4, kisha RET. Nyingi zitasomeka. Zile zenye alama za kuuliza, hapana. Herufi zake hazimo tena kwenye faili.