Mwashi wa Vingunguti

Baba mdogo ni mwashi. Ukitoka machinjioni ukashuka kuelekea bonde la Mto Msimbazi, nyumba nyingi utakazopita hapa Vingunguti zina tofali alizozipanga yeye. Siku moja alinionyesha kikaratasi alichokibandua kwenye nguzo ya umeme: jiunge na Freemason, uwe tajiri, piga namba hii.

Alikuwa ameshapiga. Alituma hela ya fomu, kisha hela ya pete, kisha hela ya kufunguliwa akaunti. Alipoishiwa akauza pikipiki. Baada ya hapo simu haikupokelewa tena.

"Mwanangu, wewe umesoma," aliniambia. "Nitafutie hao watu walipo."

Kuwapata Freemason wenyewe si kazi. Ukumbi wao wa Dar es Salaam uko Sokoine Drive, katikati ya jiji, kila mtu anaupita. Nilipanda daladala ya Posta, nikausimamia ng'ambo ya barabara, nikautazama. Kisha nikarudi kusoma historia yao.

Jina lenyewe maana yake ni mwashi huru. Asili yao wanaihusisha na vyama vya mafundi wa mawe wa Uingereza na Scotland. Tarehe 24 Juni 1717, loji nne za London ziliungana na kuunda Loji Kuu. Bikari na skwea, alama zinazowaogopesha watu, ni vyombo vya fundi ujenzi. Baba mdogo anayo skwea kwenye mfuko wake. Lakini kufikia wakati huo wengi wao hawakuwa mafundi tena. Huku kwetu chama kiliingia na wakoloni, kikawa mahali pa kukutania maofisa na wafanyabiashara.

Mtu aliyejulikana zaidi kati yao hapa nchini ni Sir Andy Chande, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928 na kukulia Bukene, Tabora. Alijiunga miaka ya 1950, na kuanzia 1986 hadi 2005 alikuwa mkuu wa Freemason wa Afrika Mashariki. Hakujificha, aliandika hata kitabu cha maisha yake.

Familia yake ilikuwa na vinu vya kusaga nafaka. Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilivitaifisha. Chande alikuwa Freemason kwa zaidi ya miaka kumi, na mali ikaondoka vilevile. Kisha Mwalimu Nyerere akamkabidhi uongozi wa Shirika la Taifa la Usagishaji, naye akaenda kusimamia kama mwajiriwa vinu vilivyokuwa vya kwao. Sembe ya shirika hilo ndiyo iliyowalisha wazee wetu.

Sisemi kwamba Freemason hawana lawama. Ishara zao wamezifanya siri na ibada zao huzifanya mlango ukiwa umefungwa, na mlango uliofungwa huzaa hadithi. Lakini kanuni zao zinajulikana: mwanachama aamini kuna Mungu, asijadili dini wala siasa ndani ya loji, na alipe ada. Fedha inatoka kwa mwanachama kwenda kwenye chama. Hakuna anayegawiwa utajiri.

Nilimweleza baba mdogo haya yote jioni, tumekaa barazani, ndege zikishuka kuelekea uwanjani juu ya mabati yetu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe wanalipa wao?"

"Wanalipa, baba."

"Na hao niliowalipa mimi ni kina nani?"

Sikuwa na jibu. Namba ilikuwa imezimwa.

Wiki iliyofuata kikaratasi kingine kilibandikwa kwenye nguzo ileile, namba tofauti. Baba mdogo alikuwa anakwenda kazini. Alisimama, akatoa mwiko wake mfukoni, akakikwangua mpaka chuma cha mwiko kikagusa nguzo. Halafu akavuka barabara kutazama nguzo ya pili.