Mwenye timu akiondoka, mji unabaki na nini?

Kati ya mwaka 2017 na 2024, mashabiki wa Singida waliingia uwanjani kushangilia timu nne za Ligi Kuu zilizobeba jina la mkoa wao: Singida United, Singida Big Stars, Singida Fountain Gate na Singida Black Stars. Ya kwanza ilishuka daraja. Ya pili ilibadilishwa jina ikiwa na mwaka mmoja tu. Ya tatu ilihamia mkoa wa jirani. Ya nne ipo mpaka leo, lakini nayo ililetwa kutoka kwa watu wengine.

Wakati huohuo Dodoma ilikuwa na njia yake. Dodoma Jiji, mali ya Halmashauri ya Jiji, ilipanda mwaka 2020 na kuendelea kucheza Ligi Kuu msimu baada ya msimu. Haikuwahi kutisha kwa usajili, lakini kila ligi ilipoanza, Walima Zabibu walikuwamo.

Kwa hiyo mashabiki wa Kanda ya Kati wana ushahidi ambao mikoa mingi haina. Wamewaona wenye timu wakiingia kwa shangwe, wakitumia fedha, kisha wakifunga virago. Swali la nani aliacha urithi na nani aliacha pengo wanaweza kulijibu kwa mambo waliyoyaona kwa macho yao.

Singida United: moto wa mabua

Mwaka 2017 Singida United ilipanda Ligi Kuu pamoja na Lipuli ya Iringa na Njombe Mji. Mlezi wake alikuwa Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi, na tangu siku ya kwanza ilionekana kwamba timu haikuja kusindikiza wengine. Ilimchukua kocha Mholanzi Hans van der Pluijm, aliyeipa Yanga ubingwa mara mbili mfululizo. Ilimsajili Tafadzwa Kutinyu kutoka Zimbabwe, Danny Usengimana kutoka Rwanda, na Deus Kaseke aliyekuwa Yanga. Kampuni ya SportPesa iliweka nembo yake kifuani mwa jezi.

Msimu huo wa 2017/18 timu ilimaliza nafasi ya tano. Juni 2018 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3-2. Kwa mkoa ambao vijana wake walizoea kuwasikia Simba na Yanga redioni, kuwaona vigogo hao wakija kucheza Namfua, uwanja ambao leo unaitwa Liti, lilikuwa jambo kubwa. Siku ya mechi nyumba za wageni zilijaa, mama lishe walimaliza vyakula mapema, na bodaboda hawakupumzika.

Lakini wachezaji wa bei kubwa wanahitaji mshahara kila mwezi, na mlango uliowaleta ndio uliowatoa. Nyota waliondoka, kocha akaondoka, na msimu wa 2019/20 Singida United ikamaliza mkiani mwa ligi ya timu 20. Haikurudi tena.

Shabiki anayetaka kumhukumu kwa haki mwenye timu wa zama hizo ana hesabu mbili za kuweka mezani. Upande mmoja kuna fainali, nafasi ya tano, na heshima ya mkoa kutajwa kila wikiendi. Upande wa pili kuna swali la nini kilikuwa kimejengwa chini ya ile timu ya kwanza. Uwanja ulikuwa wa CCM tangu zamani. Kikosi kilikuwa cha watu waliotoka mbali. Singida ilipoingia msimu wa 2020/21 bila timu ya Ligi Kuu, ilianza upya kama vile 2017 haikuwahi kuwapo.

Big Stars, kisha Fountain Gate

Nafasi ya pili ilikuja mwaka 2022 kwa njia tofauti. Timu ya Dar es Salaam iliyokuwa ikiitwa DTB ilipanda Ligi Kuu, na kabla ya msimu kuanza ikabadilishwa jina na kuhamishiwa Singida. Ikawa Singida Big Stars, Pluijm akarudi kwenye benchi, na jina la utani la Walima Alizeti likapata mwenyewe mpya.

Mafanikio yalikuwa ya haraka. Januari 2023 ilifika fainali ya Kombe la Mapinduzi na kufungwa na Mlandege mabao 2-1. Mwisho wa msimu ilikuwa ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam, na kwa nafasi hiyo mkoa ukapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Kabla ya tiketi hiyo kutumika, jina lilibadilika tena. Katikati ya mwaka 2023 timu iliungana na Fountain Gate, taasisi ya shule yenye makao Dodoma inayoongozwa na Japhet Makau, ambayo tayari ilikuwa na timu yake kwenye Ligi ya Championship. Ikazaliwa Singida Fountain Gate. Iliwatoa JKU ya Zanzibar katika kombe hilo la Afrika, kisha ikawafunga Future ya Misri 1-0 nyumbani kabla ya kutolewa kwa kichapo cha 4-1 ugenini.

Halafu mambo yakageuka. Katika dirisha dogo la Januari 2024 wachezaji kadhaa muhimu, akiwamo mshambuliaji Mkenya Elvis Rupia na Marouf Tchakei wa Togo, walitoka Singida Fountain Gate na kujiunga na Ihefu, timu ya Mbarali mkoani Mbeya. Muda mfupi baadaye Ihefu yenyewe ikahamishia mechi zake za nyumbani Liti, na Singida Fountain Gate ikaenda kucheza CCM Kirumba, Mwanza. Msimu ulipoisha, Ihefu ikaitwa Singida Black Stars. Iliyokuwa timu ya Singida ikabaki Fountain Gate tupu na kwenda Babati, kwenye Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, kuanza maisha mapya Manyara.

Shabiki aliyenunua jezi Agosti 2023 alikuta kabla ya mwaka kwisha kwamba jezi hiyo si ya timu ya mkoa wake tena. Hakuitwa kwenye mkutano wala hakupiga kura. Kwa tendo hilo moja, mwenye timu aliyeondoka alionyesha jinsi uamuzi wote ulivyokuwa mkononi mwake.

Haki inataka pia kusema Fountain Gate iliacha nini mahali ilipoanzia. Dodoma ina timu ya wanawake ya Fountain Gate Princess, na mwaka 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa soka la shule huko Durban, Afrika Kusini. Hapo taasisi ilipanda mbegu kwenye ardhi yake yenyewe: shule ipo, walimu wapo, wasichana wanaendelea kuingia darasani na uwanjani. Mwekezaji yuleyule aliyepita Singida kama msafiri alikuwa mwenyeji Dodoma, na matunda ya pande hizo mbili hayafanani.

Kilio cha Mbarali

Furaha ya Singida kuipata Ihefu mwaka 2024 ilikuwa na upande ambao mashabiki wengi hawapendi kuuzungumzia. Ihefu ilikuwa timu ya watu. Mbogo Maji, kama ilivyoitwa, walipanda mwaka 2020, wakashuka, wakarudi 2022. Tarehe 29 Novemba 2022, kwenye uwanja wa Highland Estates katika wilaya ya Mbarali yenye mashamba ya mpunga, waliifunga Yanga 2-1 na kukata rekodi ya klabu hiyo ya kucheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Taifa zima lilitaja Mbarali usiku ule.

Mwaka mmoja na nusu baadaye jina la Ihefu lilikuwa limefutwa kwenye msimamo. Kila bao la Singida Black Stars limetoka kwenye nafasi iliyokuwa ya watu wa Mbarali. Shabiki wa Singida aliyelia Fountain Gate ilipoondoka anamjua vizuri shabiki wa Mbarali, kwa sababu wametendewa jambo lilelile.

Uingereza iliwahi kulipitia hili. Klabu ya Wimbledon ya London ilihamishiwa mji wa Milton Keynes mwaka 2003. Mwaka mmoja kabla, uamuzi ulipopita, mashabiki waliokataa kuifuata waliunda AFC Wimbledon, wakaanzia madaraja ya chini na kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Mwaka 2020 walirudi kucheza Plough Lane, mtaa wa nyumbani. Waliofanikisha hilo walikuwa wanachama wenye umiliki, na umiliki ndio uliokosekana Mbarali na Singida.

Kwa nini timu zinahama

Kupanda hadi Ligi Kuu kwa miguu ni safari ndefu: ligi ya mkoa, mabingwa wa mikoa, First League, Championship. Kununua timu ambayo tayari imefika ni njia ya mkato, kwa sababu nafasi kwenye ligi inakwenda na timu. Anayeinunua timu ameinunua nafasi, na jina na mji vinaweza kubadilika kabla ya msimu mpya.

Thamani ya nafasi hiyo ilipanda sana mwaka 2021, pale Azam Media iliposaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Mwaka huohuo benki ya NBC ikaingia kama mdhamini mkuu wa ligi. Kabla ya hapo kumiliki timu ya mkoani kulikuwa hasara ya wazi. Baada ya hapo kukawa na mapato ya uhakika zaidi. Haishangazi kwamba uhamaji mkubwa wa timu za Kanda ya Kati ulitokea baada ya mkataba huo.

Hata klabu kubwa za wanachama zimeonja pengo la mwenye fedha anapoondoka. Yusuf Manji aliingia uongozini Yanga mwaka 2012 na kujiuzulu Mei 2017, na kati ya hapo klabu ilibeba mataji manne ya ligi. Alipoondoka, kocha Mwinyi Zahera alifanya kazi katika kipindi cha kuchangishana ambacho mashabiki wanakikumbuka kwa jina moja, bakuli, na Simba ikatwaa ubingwa mara nne mfululizo. Lakini Yanga haikuhama Jangwani. Wanachama walibaki na kadi zao, jina lao na jengo lao, na klabu ikasimama tena. Manji alipofariki Juni 2024, mashabiki walimkumbuka kwa mataji, wakiwa bado na klabu ya kumkumbukia.

Funzo la Dodoma

Wazee wa Dodoma bado wanazitaja CDA na Waziri Mkuu, timu za enzi ambazo mashirika na ofisi za umma ndizo zilizobeba soka la nchi hii. Enzi hizo Mwanza ilikuwa na Pamba na Morogoro ilikuwa na Reli. Mashirika yalipodhoofika, timu zake zilidhoofika nayo. CDA yenyewe, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ilivunjwa na Rais John Magufuli mwaka 2017. Kwa hiyo mmiliki wa umma naye anaweza kuondoka.

Tofauti ya halmashauri ni kwamba haiwezi kuuhama mji. Madiwani wanabadilika, wakurugenzi wanahamishwa, lakini Jiji la Dodoma litabaki Dodoma. Pamba ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024 ikiwa Pamba Jiji, baada ya zaidi ya miaka ishirini nje, na ilirudi Mwanza ileile. Njia hii ina gharama zake. Fedha za halmashauri ni fedha za barabara na zahanati, na mlipa kodi ana haki ya kuuliza kila shilingi inayokwenda kwenye usajili. Bado, anajua ofisi ya kuulizia.

Mizani ya haki

Singida Black Stars imewapa watu wake mengi: nafasi ya nne na fainali ya Kombe la Shirikisho msimu wa 2024/25, kisha ubingwa wa Kombe la Kagame mwaka 2025. Machi 2025 ilizindua uwanja wake huko Mtipa kwa mechi ya kirafiki dhidi ya Yanga. Kwangu mimi uwanja huo una uzito kuliko kombe lolote, kwa kuwa zege halikunjwi na kupakiwa kwenye lori. Ni dalili ya kwanza ndani ya miaka minane kwamba mwenye timu anafikiria kukaa.

Dalili peke yake haitoshi. Mashabiki wa mkoa huo waulize leo, timu ikiwa inashinda, maswali ambayo mwaka 2019 na 2023 yalichelewa. Timu ya vijana ina watoto wangapi wa Singida, Iramba na Manyoni? Jina na nembo ni mali ya nani kisheria? Uwanja wa Mtipa utakuwa wa nani timu ikiuzwa? TFF nayo iweke kwenye masharti ya leseni kwamba timu haihamishwi mkoa bila taarifa ya msimu mmoja mzima, madeni ya wachezaji na wauza huduma yakiwa yamelipwa, na timu ya vijana ikiachwa mahali ilipokuzwa.

Masharti hayo yangewapa watu wa Mbarali msimu mzima wa kujipanga, na vijana wao wangebaki na timu ya kuanzia. Singida, iliyofaidika na kuondoka kwao, ndiyo inayopaswa kuwa ya kwanza kuyadai.