Icyerekezo: satelaiti iliyopewa jina na wanafunzi wa Nkombo

Tarehe 27 Februari 2019 roketi ya Kirusi aina ya Soyuz iliruka kutoka kituo cha Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikiwa imebeba satelaiti sita za kwanza za kampuni ya mawasiliano ya OneWeb. Mojawapo iliitwa Icyerekezo, neno la Kinyarwanda lenye maana ya dira au mwelekeo. Jina hilo lilitoka kwa wanafunzi wa shule ya St Pierre katika kisiwa cha Nkombo, ndani ya Ziwa Kivu, ambao waliahidiwa intaneti kutoka angani.

Baadhi ya vichwa vya habari vya siku zile vilitangaza kwamba Rwanda imerusha satelaiti yake. Wahariri hupenda vichwa vifupi, lakini ufupi huo ulificha jambo kubwa: mmiliki alikuwa ni kampuni, na satelaiti ya namna hii haiwezi kuwekwa juu ya kijiji kimoja ikatulia hapo.

Satelaiti za matangazo ya televisheni hukaa umbali wa kilomita 35,786 juu ya ikweta, zikizunguka sambamba na dunia, hivyo huonekana kama zimesimama. Za OneWeb zilibuniwa kwa kimo cha kilomita 1,200 tu. Kila moja ina uzito wa kilo 150 hivi na ukubwa unaokaribia ule wa jokofu la nyumbani. Hutumia masafa ya Ku kuwasiliana na antena za wateja na masafa ya Ka kuwasiliana na vituo vikuu vya ardhini, na husukumwa na injini ndogo ya umeme itumiayo gesi ya zenoni.

Faida ya ukaribu huo ni wepesi. Swali na jibu kupitia satelaiti ya mbali huchukua zaidi ya nusu sekunde. Kupitia ya karibu, chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Gharama yake ni mwendo. Katika kimo hicho chombo hukimbia zaidi ya kilomita saba kwa sekunde na kuizunguka dunia kwa dakika 109 hivi, kikipita karibu na ncha zote mbili. Wakati huo dunia nayo hujizungusha kiasi cha nyuzi 27. Kwa hiyo satelaiti iliyopita juu ya Manah, karibu na Nizwa nchini Oman, katika mzunguko unaofuata njia yake huangukia karibu na Ziwa Kivu. Hata ikipita juu ya utosi, haionekani kwa zaidi ya dakika 20, kisha huzama kwenye upeo wa macho. Isitoshe, satelaiti hizo za kizazi cha kwanza haziwezi kupokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe: pasipo kituo cha ardhini ndani ya eneo inaloliona, chombo kinapita kimya.

Basi satelaiti sita hazikuweza kuipatia Nkombo huduma ya kudumu. Zilihitajika mia kadhaa. Mwezi Machi 2020, zikiwa zimerushwa 74, OneWeb iliomba ulinzi wa mahakama ya Marekani kwa kufilisika. Iliokolewa mwaka huohuo na serikali ya Uingereza pamoja na kampuni ya Bharti ya India, na idadi ya kuienea dunia nzima ilitimia kwa urushaji wa Machi 2023, kutoka India.  Septemba mwaka huo OneWeb iliungana na Eutelsat ya Ufaransa.

Chombo ambacho Rwanda ilishiriki kukitengeneza ni kingine: RwaSat-1, kidogo mno, kilichorushwa kutoka Japani Septemba 2019.

Katika kimo cha kilomita 1,200 hewa ni hafifu kiasi kwamba satelaiti iliyokufa haianguki yenyewe kwa karne nyingi. Ndiyo maana kila moja hutakiwa kubakiza gesi ya kutosha kujishusha, ikaungue angani kazi yake itakapokwisha.