Jinsi ya kuchagua poda ya kung'arisha mawe nyumbani

JIWE likilowa maji hung'aa, liwe la thamani au kokoto ya kando ya barabara. Hapo ndipo wengi wanaojaribu kung'arisha mawe nyumbani hudanganyika. Huyatoa kwenye pipa yakiwa bado na maji, wakayashangilia, kisha asubuhi wakayakuta yamekauka na kufifia kama kigae. Lawama zote huiangukia poda ya mwisho, ilhali mara nyingi kosa lilifanyika wiki mbili au tatu kabla poda hiyo haijafunguliwa.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mawe hutiwa katika pipa dogo la mpira hadi lijae kiasi cha theluthi mbili, pamoja na maji na chembe ngumu za kusagia, kisha mota hulizungusha pipa usiku na mchana. Chembe hizo ni za silikoni kabidi, madini ya kutengenezwa kiwandani ambayo Mmarekani Edward Acheson alipewa hataza yake mwaka wa 1893, na ugumu wake haupitwi mbali na ule wa almasi. Huuzwa kwa namba, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo chembe zinavyokuwa kubwa. Wiki ya kwanza huwa ya namba 60 au 80, ambayo hula pembe na nyufa. Ya pili ni namba 220 au karibu yake. Ya tatu ni 500. Hatua hizo tatu husaga tu. Ni ya nne inayong'arisha.

Kwa anayeanza, poda ya kununua ni oksidi ya alumini. Ni nyeupe, bei yake si kali, na katika kipimo cha ugumu alichobuni Friedrich Mohs mwaka wa 1812, chenye daraja 1 hadi 10, hiyo imo katika daraja la 9. Akiki, yaspi na kwatzi zina ugumu wa 7 hivi, kwa hiyo poda hii inazimudu zote. Lakini msomaji asitosheke na jina lililoandikwa kwenye mfuko. Oksidi ya alumini huuzwa pia ikiwa na chembe kubwa za kusagia, na anayeinunua hiyo kwa kutazama bei pekee atakuwa amelipia hatua ya tatu mara mbili. Poda ya kung'arisha inapaswa kuwa na chembe za kiasi cha mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, au ndogo zaidi. Ukiisugua kati ya vidole haikwaruzi. Huteleza kama unga wa muhogo.

Oksidi ya seri ina tabia ya ajabu kidogo. Kwa ugumu haiishindi kwatzi, na bado huing'arisha vyema, kwa sababu kazi yake si ya kukwaruza pekee: ikiwa na maji, hushikana kikemia na uso wa kioo na kuulainisha. Ndiyo maana watengenezaji wa lenzi huitumia, na mafundi wa vioo vya magari vilevile. Hapa Kenya ina nafasi yake hasa kwa obsidiani, kioo cheusi cha volkano kinachopatikana katika Bonde la Ufa upande wa Naivasha, na ambacho watu wa kale wa Kariandusi, karibu na Ziwa Elmenteita, walichongea shoka za mkono. Obsidiani ni ngumu kiasi cha 5 tu na huvunjika upesi. Ukiitia pipani bila vipande vidogo vya plastiki au vya kauri vya kuzuia mgongano, itatoka na alama nyeupe za kugongana, na hakuna poda itakayozifuta.

Oksidi ya bati ni ya zamani na ni nzuri, ila bei yake humfukuza mnunuzi wa kawaida. Oksidi ya kromi ni ya kijani na hupendwa na wanaong'arisha jedi, lakini hupaka rangi vidole, nguo na kila ufa wa jiwe. Poda ya almasi ifaa kwa kazi ya mkono, si ya kumwaga kwa vijiko. Dawa ya meno, ambayo haikosi kupendekezwa na mtu, imetengenezwa isidhuru meno. Haina nguvu ya kuishinda akiki.

Kuna mawe yasiyostahili kuingia pipani kamwe. Jiwe laini la Kisii linalochongwa vinyago kule Tabaka lina ulanga, madini yaliyo ya kwanza kwa ulaini katika kipimo cha Mohs. Likichanganywa na akiki litageuka tope kabla ya wiki kwisha. Wachongaji hulipiga msasa kwa maji, kisha hulipaka nta, na hiyo ndiyo njia yake.

Kabla ya kulaumu poda, chukua jiwe moja kavu, ulisugue kwa nguvu kwenye kipande cha ngozi chenye poda ile ile na maji kidogo. Likianza kung'aa, basi pipa lilihitaji siku zaidi. Likibaki na ukungu, rudi kwenye namba 500. Chanzo cha kawaida ni chembe chache za hatua ya awali zilizojificha katika nyufa za mawe au kwenye kifuniko. Chembe moja ya namba 80 yatosha kuharibu kazi ya mwezi mzima, na kwa hiyo wenye uwezo huweka pipa la pili la poda peke yake.

Umeme ukipotea kwa saa nyingi, usiliache tope likatulia. Huganda kama saruji. Usilimwage kwenye sinki pia, kwani litaziba bomba. Lichimbie shimo. Fungua kifuniko kila siku chache katika wiki za mwanzo, maana baadhi ya mawe hutoa gesi inayoweza kulitutumua pipa. La hatari zaidi ni vumbi. Vumbi la kwatzi likivutwa kwa muda mrefu huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba, na tope likikauka sakafuni huwa vumbi hilo hilo. Lipanguse likiwa bichi, kwa kitambaa chenye maji, wala usilifagie.

Kuhusu mahali pa kuokota, Hell's Gate ni mbuga ya kitaifa na obsidiani yake hubaki pale pale. Mti uliogeuka jiwe, kama ule wa Sibiloi kando ya Ziwa Turkana, ni kisukuku, na visukuku hulindwa na sheria ya makavazi na turathi ya mwaka wa 2006, hata kikiwa kipande kinachoenea kiganjani.